Nani aliyepiga taipu orodha ile?

Mama yangu ana cherehani ya Singer, nyeusi, ya kukanyaga kwa mguu. Maandishi yake ya rangi ya dhahabu yamefutika, zimebaki herufi mbili tu. Iko barazani kwake, huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, imefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi anaitia mafuta, anaikanyaga kidogo bila uzi, halafu anaifunika tena. Sijapata kumwona akishonea nguo ya biashara hata moja. Nilipokuwa kijana nilidhani ni uchoyo. Siku moja nikamshauri aiuze, maana kulikuwa na fundi wa soko la Kenya, mtaa mwingine wa hapa mjini, aliyetaka kutoa dola mia. Akaniangalia kama mtu niliyemtukana.

"Ile mashini haiko yetu, papa," akasema. "Iko ya benyewe."

Wenyewe walikuwa majirani zetu wa Likasi. Mwaka 1992, mimi nikiwa darasa la tano, walituuzia cherehani ile kwa nusu mfuko wa unga, asubuhi moja, harakaharaka, kwa sababu jioni yake walikuwa wanakwenda kulala stesheni kungojea treni ya kwenda jimbo la Kasai. Kasai ambako baba wa nyumba ile hakuzaliwa. Alizaliwa Likasi, kama mimi. Mwanawe tulikaa benchi moja shuleni. Mama anasema alitoa nusu mfuko kwa sababu ndio unga uliokuwa umebaki ndani. Namwamini. Naamini pia kwamba sote wawili, yeye mtu mzima na mimi mtoto, tulijua hiyo haikuwa bei.

Naileta cherehani hiyo kwa sababu kuna sentensi ninayoisikia kila mahali siku hizi, redioni, kwenye makundi ya simu, kwenye nganda za pombe, hata kanisani: watu wakishikwa na njaa huwafuata wenye siasa kali. Inasemwa kama vile unavyosema mvua ikinyesha udongo unalowa. Na msemaji akitaka kuonyesha kwamba amesoma, anaongeza Ujerumani: pesa ilioza, watu wakabeba noti kwa toroli, basi wakamchagua Hitler. Mimi ni mwalimu wa historia, nimeisahihisha sentensi hiyo kwenye karatasi za wanafunzi mpaka kalamu nyekundu imenichosha. Nusu yake ni kweli. Nusu iliyobaki inawafunika watu ambao tungepaswa kuwatazama usoni.

Tuziweke tarehe mezani. Mfumuko wa bei uliolivunja taifa la Ujerumani ulifika kileleni Novemba 1923, dola moja ikawa marki trilioni 4.2. Sisi tulioshika zaire, pesa yetu ya zamani, mikononi hatuhitaji kufafanuliwa: unapokea mshahara asubuhi, mchana hautoshi mkate. Ni mwezi huohuo, usiku wa tarehe 8, Hitler alipoingia na bastola katika ukumbi mmoja wa bia mjini Munich akitangaza kwamba serikali imeanguka. Kesho yake polisi waliwapiga risasi wafuasi wake barabarani, yeye akatoroka, akakamatwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 5. Akatumikia miezi kama 9. Wiki moja baada ya jaribio lile ilikuwa imetoka sarafu mpya, bei zikatulia. Kwa hiyo pesa ilipokuwa haifai hata kuwashia moto, mtu huyu alijaribu kuuvunja mlango kwa bega, na mlango ukakataa. Uchaguzi wa Mei 1928 chama chake kilipata asilimia 2.6 ya kura, viti 12. Ungeweza kukisahau kabisa.

Kilichomfufua ni ugonjwa wa aina nyingine, kinyume cha mfumuko. Soko la hisa la New York lilipoanguka Oktoba 1929, mikopo ya Marekani iliyokuwa inaziendesha kampuni na manispaa za Ujerumani ilikatwa. Viwanda vikafungwa, bei zikashuka, mishahara ikashuka, na mwanzoni mwa 1932 watu wasio na kazi walikuwa wamepita milioni 6. Hapo ndipo wengi hufunga daftari. Lakini waliozichambua kura za miaka ile, jimbo kwa jimbo, walikuta jambo linaloharibu simulizi: mtu wa mjini aliyefukuzwa kazi alielekea zaidi kwa wakomunisti. Waliomjazia Hitler masanduku walikuwa zaidi wakulima wa vijiji vya Kiprotestanti, wenye maduka madogo, mafundi, makarani, wastaafu. Watu ambao bado walikuwa na kitu, na waliamka usiku kukihesabu.

Nikifika hapo darasani huwa naziona nyumba za kambi yetu ya Likasi, kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi. Hatukuwa maskini wa mwisho. Tulikuwa na nyumba ya matofali, maji ya bomba, mposho wa mwezi. Tulikuwa na cha kupoteza.

Na siasa yao ilikuwaje? Machi 1930 serikali ya muungano ya Hermann Müller ilivunjika kwa ugomvi juu ya mchango wa bima ya wasio na kazi. Tofauti waliyogombania haikufika hata asilimia moja ya mshahara. Vyama vilivyoijenga jamhuri vilishindwa kuelewana juu ya jambo dogo hivyo wakati paa linaungua, na tangu siku hiyo hakukuwa tena na serikali yenye wabunge wa kutosha nyuma yake. Kansela aliyefuata, Heinrich Brüning, alitawala kwa amri za rais, chini ya ibara ya 48 ya katiba, akikata mishahara na pensheni katikati ya mdororo. Alipolivunja bunge akitafuta nguvu, kura za Septemba 1930 zilimpa Hitler viti 107. Julai 1932 vikawa 230, asilimia 37.3, chama kikubwa kuliko vyote.

Lakini asilimia 37 si nusu. Na kinachofuata ndicho ninachotaka wanafunzi wangu wakikumbuke hata wakisahau mengine yote. Novemba 1932 wakapiga kura tena, na Hitler akashuka: kura milioni 2 zikampotea, asilimia ikawa 33.1. Sanduku la chama lilikuwa tupu, vijana wake wa shati la kahawia walisimama barabarani na makopo wakiomba sarafu. Uchumi wenyewe ulikuwa umeanza kugusa chini. Mwaka 1933 ulipoingia, waandishi wenye heshima zao waliandika kwamba hatari imepita.

Tarehe 4 Januari, Franz von Papen, aliyekuwa kansela miezi michache nyuma na sasa ana kinyongo cha kuondolewa, alikutana na Hitler kwa siri mjini Cologne, nyumbani kwa mwenye benki mmoja, Kurt von Schröder. Papen alitaka kumng'oa kansela mpya, Jenerali Schleicher. Alihitaji umati, yeye hakuwa nao. Hitler alikuwa na umati unaopungua, alihitaji kiti. Rais Hindenburg, mzee wa miaka 85, alisita, akashawishiwa. Tarehe 30 Januari Hitler akaapishwa katika baraza lenye watu watatu tu wa chama chake. Waliobaki walikuwa wanaume wa suti na wa vyeo vya zamani, na Papen, makamu wa kansela, akawatuliza rafiki zake kwamba huyu wamemwajiri wenyewe.

Machi 23 bunge lilimkabidhi madaraka ya kutunga sheria peke yake, kwa kura 444. Wabunge 94, wote wasoshalisti, walikataa. Wakomunisti walikuwa gerezani, mafichoni au uhamishoni. Mwaka uliofuata Schleicher aliuawa kwa risasi nyumbani kwake pamoja na mkewe, na wasaidizi wawili wa karibu wa Papen wakauawa. Mwajiri alipona kwa kuwa mwajiriwa hakuona haja ya kumwua.

Hiyo ndiyo nusu ya sentensi inayofichwa. Njaa, au woga wa njaa, humpatia mwenye siasa kali wasikilizaji. Haimpi ufunguo. Ufunguo huwa mfukoni mwa mtu aliyeshiba, anayemdharau kidogo, na anayehesabu kwamba atamtumia kumpiga adui yake kisha atamrudisha uani.

Mtu asiniambie kwamba naleta mambo ya mbali. Katikati ya mji wetu kuna sinagogi, lilijengwa karibu mwaka 1930, mji ukiitwa Élisabethville, bado una vumbi jipya. Wengi wa waliosali mle walitoka kisiwa kimoja, Rhodes, kilichokuwa mikononi mwa Italia. Walikuja Katanga kuuza vitambaa na samaki. Ndugu zao waliobaki kisiwani, zaidi ya watu 1,600, walichukuliwa na Wajerumani Julai 1944 na kupelekwa Auschwitz. Waliorudi hai hawakufika 200. Wazee wa hapa wanazikumbuka vizuri zile duka za barabarani, ila sidhani kama kuna aliyewahi kutuambia shuleni mkutano wa nyumba ya mwenye benki Cologne uliishia wapi.

Sasa turudi kwetu, jimbo la Katanga likiitwa Shaba.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na nchi ilikula kutoka kwenye sahani hiyo. Mashine zilichakaa bila kubadilishwa, fedha zilielekea Kinshasa, na Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Asiyeishi katika mji wa kampuni hawezi kuelewa tarakimu hizo. Kwetu walikuwa wanasema kampuni ni baba, kampuni ni mama. Ilikuzalia mtoto hospitalini kwake, ikamsomesha, ikakupa unga, ikakuzika. Baba na mama wakafa pamoja, katika miaka mitatu.

Pesa nayo ilikufa. Mwishoni mwa 1992 Rais Mobutu alitoa noti ya zaire milioni 5. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi akaikataa, wafanyabiashara wakaikataa, wanajeshi waliolipwa kwayo wakaipora Kinshasa Januari 1993, na balozi wa Ufaransa akauawa. Oktoba mwaka huo ikaja zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Machi tayari nchi ilikuwa na mawaziri wakuu wawili, Tshisekedi aliyechaguliwa na Konferansi Kuu ya Taifa, mkutano wa kuipeleka nchi kwenye demokrasia, na Faustin Birindwa aliyeteuliwa na Mobutu, kila mmoja akimwita mwenzake batili. Hayo ni mambo ya kuchekesha ukiyasoma leo. Wakati ule hatukujua karani gani apige muhuri wa cheti cha kuzaliwa.

Sasa jiulize. Njaa ilikuwa ileile nchi nzima. Wakazi wa Kinshasa walivunja maduka Septemba 1991, wakaiba friji na vigae vya choo, lakini hawakumwuliza mtu kabila lake. Kwa nini Likasi na Kolwezi waliuliza?

Kuni kavu zilikuwepo zamani, sikatai. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia Gécamines, iliwaleta Wakasai tangu miaka ya 1920, na reli ya Bukama mpaka Ilebo ilipokamilika mwaka 1928 wakaja kwa wingi zaidi. Wengi waliwahi shule, wakawa makarani, mafundi, wakubwa wa vibarua. Uchaguzi wa komuni za Élisabethville, Desemba 1957, uliwapa ushindi wengi wa nje ya Katanga, na hasira hiyo ilisaidia kuzaa Conakat, chama cha wenyeji wa Katanga, mwaka uliofuata. Ziliwaka Katanga ilipojitenga mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini baada ya hapo zilikaa karibu miaka thelathini bila kuwaka. Watu walioana. Mama yangu alijifunza kwa jirani yule kupika matamba, majani ya muhogo, kwa namna ya kwao, na mpaka leo hapiki kwa namna nyingine.

Aliyeleta kiberiti hakuwa mtu wa njaa. Jean Nguz Karl-i-Bond alikuwa upinzani, pamoja na Tshisekedi, mpaka Mobutu alipomtunuku uwaziri mkuu Novemba 1991. Mobutu alikuwa dhaifu kuliko alivyowahi kuwa: Konferansi inamvua nguo hadharani, wafadhili wamefunga mkono, jeshi halilipwi. Alichobaki nacho ni kalamu ya kuteua. Kwa kalamu hiyo akampa chama cha Nguz, UFERI, jimbo la Shaba, na Gabriel Kyungu wa Kumwanza akawa gavana. Huyu Kyungu si kwamba alizaliwa akiwachukia Wakasai. Mwaka 1980 alikuwa mmoja wa wabunge 13 waliomwandikia Mobutu ile barua maarufu ya kuupinga utawala wake, jina lake karatasi moja na la Tshisekedi. Waliteswa pamoja, wakaanzisha chama cha upinzani, UDPS, pamoja. Hakuna aliyempigia kura ya ugavana. Aliteuliwa.

Halafu zikaanza hotuba. Vijana wa chama, JUFERI, na lile neno. Bilulu. Kwa Kiswahili chetu cha Katanga bilulu ni wadudu, wale unaowakuta kwenye unga ukikaa sana. Neno la jikoni kabisa. Mama alikuwa analitumia kila siku akichekecha unga, na ghafla likawa jina la mtu wa ng'ambo ya ukuta. Tangu hapo hakulitamka tena. Mpaka leo akiona mdudu kwenye unga anasema "vile vitu".

Tarehe 15 Agosti 1992 Konferansi ilimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu, Nguz akapoteza kiti. Siku hizohizo mapigano yakaanza hapa Lubumbashi, yakahamia Likasi, na Machi 1993 ikafika zamu ya Kolwezi. Makumi ya maelfu wakalala stesheni, majuma, wengine miezi, wakingoja treni ambazo zenyewe zilikuwa zinakufa. Watoto na wazee wengi waliishia palepale, kwa magonjwa, kwa njaa. Ninachokumbuka mimi ni moshi wa majiko ya mkaa juu ya reli, na kwamba tulikatazwa kwenda huko kucheza.

Linganisha na Berlin. Mzee dhaifu juu, anayeogopa upinzani kuliko anavyoogopa moto. Mwanasiasa wa kati aliyenyang'anywa kiti na mwenye kinyongo. Na mtu wa maneno makali anayepewa ofisi, muhuri na polisi wanaotazama kando. Tofauti zipo, na kubwa; Shaba haikuwa Auschwitz, na ningekuwa mwongo kusema vinginevyo. Ninachozungumzia ni namna mlango ulivyofunguka. Hata mwisho wa utumishi ulifanana kidogo, ila kwa kugeuka: mwaka 1995 ni utawala wa Mobutu wenyewe uliomsimamisha gavana wake, kazi ikiwa imeshafanyika.

Wapo watakaosema: sawa, waliofungua mlango ni wakubwa, sisi watu wadogo tulikuwa watazamaji. Hapo ndipo cherehani inaponikatalia. Siasa ya aina hii huwalipa wadogo pia, na ndiyo maana hudumu. Aprili 1933 Ujerumani ilitoa sheria ya kuwafukuza Wayahudi katika utumishi wa serikali. Kila kiti kilichoachwa wazi kilimpata mtu, na mtu huyo hakuwa lazima awe na chuki. Alikuwa na watoto. Kwetu vilikuwa vyeo vya ofisini na migodini, nyumba za kambi, benchi shuleni, vitanda, masufuria, cherehani kwa nusu mfuko wa unga. Baada ya hapo unamwambiaje gavana kwamba amekosea, wakati ushahidi umeufunika kitambaa barazani? Na mkate haukuja. Mafundi walioijua mitambo kwa miaka ishirini walikuwa wamepanda treni, na shaba ikazidi kushuka.

Njia nyingine ilikuwepo, na nitaitolea mfano mahali ambapo Mkongo hapendi kutafuta mfano mwema. Ubelgiji ya 1936 ilikuwa imetoka kwenye mdororo uleule. Kijana wa miaka 29, Léon Degrelle, alizunguka nchi akibeba fagio, akiahidi kuwafagia wanasiasa wezi na wenye benki. Wezi walikuwepo kweli, hilo ndilo lilimpa utamu. Mei mwaka huo chama chake, Rex, kilinyakua viti 21 bungeni kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata akamlazimisha mbunge wake mmoja wa Brussels ajiuzulu ili agombee yeye, apime nguvu. Basi Wakatoliki, waliberali na wasoshalisti, watu ambao kwa kawaida hawakusalimiana, waliamua kutosimamisha wagombea wao. Hata wakomunisti. Wote wakasimama nyuma ya mtu mmoja, waziri mkuu Paul van Zeeland, na siku mbili kabla ya kura Kardinali Van Roey akawaambia waumini wazi kwamba Rex ni hatari. Aprili 1937 Van Zeeland alipata karibu asilimia 76, Degrelle 19. Uchaguzi wa 1939 ulimwachia viti 4.

Van Zeeland hakuwa malaika. Miezi michache baadaye alijiuzulu mwenyewe kwa kashfa iliyohusu Benki ya Taifa. Ila alifanya mambo mawili: alishusha thamani ya faranga mwaka 1935, kazi zikarudi kidogo, na hakumwalika mwenye fagio mezani ili amtumie dhidi ya wasoshalisti. Wakatoliki wenye mrengo wa kulia walishawishika kufanya hivyo, mlango ulikuwepo, hawakuufungua. (Ubelgiji hiyohiyo, Desemba 1941, iliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma hapa mjini, makumi wakafa. Demokrasia yao iliishia kwenye meli. Nalisema ili msomaji asidhani nimesahau.)

Leo Lubumbashi ina shaba nyingi kuliko siku zote. Malori yanapanga foleni mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Na bado mfuko wa unga wa kilo 25 unapanda kila Zambia inapokohoa, kama ilivyokuwa ukame wa 2024, na kila unapopanda mazungumzo yanageuka kuelekea treni. Reli ileile iliyowaondoa watu sasa inawaleta, vijana wa Mbujimayi na Mwene-Ditu, miji ya Kasai, wanaotafuta pikipiki ya kuendesha. Huko Kinshasa, mwaka 2021, ulipelekwa bungeni mswada wa kumtaka rais awe na baba na mama Wakongo wote wawili, na kila mtu alijua ni baba wa nani anayelengwa: baba yake Moïse Katumbi, Myahudi wa Rhodes. Mswada haukuandikwa na wenye njaa. Ni kazi ya watu wenye digrii.

Mwezi uliopita sokoni Kenya, kijana mmoja wa kubeba mizigo, umri wake kama ishirini, aliona kundi likishuka kwenye gari na mabegi yao ya plastiki. Akanigeukia akicheka: "Vieux, bilulu binarudia." Alizaliwa miaka zaidi ya kumi baada ya stesheni ya Likasi. Nilitaka kumwuliza neno hilo amelitoa wapi, maana nyumbani kwao nina hakika bado wanalitumia kwa unga tu. Sikumwuliza. Nilikuwa na haraka, na ukweli ni kwamba niliogopa jibu lingekuwa jina la mtu aliye na ofisi.

Jumapili nilimsimulia mama. Alikuwa anaitia cherehani mafuta. Akaniambia jambo ambalo katika miaka yote hii hakuwahi kulisema, labda kwa sababu sikuwahi kumwuliza vizuri. Kwamba vijana waliokuja kambini jioni ile walikuwa na orodha. Wengi wao peku, wawili anawafahamu, walikuwa wanafuata mposho kama sisi. Aliyetangulia alishika karatasi, akasoma namba za nyumba kwa sauti, mlango kwa mlango, bila kurukia hata moja.

"Iliandikwa kwa mkono?" nikamwuliza.

"Hapana, papa. Ilipigwa mashini."

Kwa wino wa kaboni, nakala ya nakala, herufi za buluu. Kambi nzima ile, mashine ya taipu ilikuwa ofisini tu, na ofisi ilifungwa saa tisa. Nani aliipiga, mama hajui. Anachokumbuka ni kwamba kijana alimsogezea karatasi amsaidie kusoma mstari mmoja uliofifia, naye akasoma. Jina la jirani yetu, ambalo sisi tulioishi naye ukuta kwa ukuta tulikuwa tunalitamka vibaya miaka yote, lilikuwa limeandikwa pale bila kosa hata la herufi moja.